Mwongozo kamili: jinsi ya kuchunguza udhaifu wa usalama wa kompyuta na simu katika mtaa wako, ukiwa na daftari tu

Kila mwisho wa muhula naletewa kazi za vijana waliochunguza usalama wa mtandao hapa Tanga, na nyingi zinakwama palepale. Mwanafunzi amegawa hojaji Chumbageni au Makorora, ameuliza "Je, huwa unampa mtu namba yako ya siri?", karibu wote wamejibu "Hapana", naye ameandika kwamba hali ni nzuri ila elimu iongezwe. Ukienda kwenye duka lilelile asubuhi unakuta paswedi ya kompyuta imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kava la printa. Hojaji haikuona hilo kwa sababu aliyeileta hakukaa dukani.

Udhaifu ninaouzungumzia ni tundu lolote ambalo mwizi anaweza kupita, liwe kwenye programu, kwenye laini ya simu, au kwenye mazoea ya watu wanaovitumia vitu hivyo. Mafundi wa kompyuta wanalijua tundu la programu. Wewe unakwenda kutafuta upande wa pili: kwa nini tundu lipo pale, nani analijua, nani analinyamazia, na nani ataumia.

Kazi hii nimeifanya kwenye vibanda vya wakala, steshenari na vikundi vya kukopeshana. Inachukua wiki tatu ukiwa na shughuli nyingine. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana wengi wanaoshindwa wameruka ya pili na ya tatu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Daftari mbili. Moja dogo la mfukoni, la kuandikia ukiwa mahali pa kazi. La pili kubwa, la nyumbani, la kunakili usiku. La mfukoni lisiwe na jina la mtu yeyote ndani yake, kwa sababu madaftari hupotea kwenye daladala.

Orodha ya majina ya kupanga. Kila mtu mpe jina lisilo lake siku ya kwanza. Karatasi inayoonyesha nani ni nani ikae nyumbani, mbali na daftari zote mbili. Kazi ikiisha, ichome.

Ruhusa. Ya mwenye duka au mwenyekiti wa kikundi, na ya kila mtu utakayemtazama. Ukiwa mwanafunzi, pata barua ya chuo. Utakaa barazani siku nyingi, kwa hiyo pita na ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe, usije ukadhaniwa wewe ndiye tapeli.

Mtu wa kompyuta. Rafiki mmoja anayeelewa mifumo, wa kumuuliza "hili nililoliona ni hatari kweli?" Bila yeye utaandika mambo madogo kama makubwa, na makubwa utayapita.

Hela ya kahawa na kashata. Naisema kwa dhati. Mazungumzo mazuri kuliko yote niliyowahi kupata niliyapatia kwenye benchi la muuza kahawa baada ya magharibi.

Na kuna vitu vya kuacha nyumbani: programu zozote za kupima au kudukua mitandao, kinasa sauti cha kificho, na tamaa ya kujaribu paswedi uliyoiona "ili tu uhakikishe". Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa hata kama hukuchukua kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inakuhusu tangu dakika unapoandika jina na namba ya simu ya mtu. Ndiyo maana nakwambia usiviandike kwenye daftari.

## Hatua ya 1: Chagua sehemu moja na swali dogo

"Uelewa wa usalama wa mtandao Tanga Mjini" si swali. Hutaweza kulikalia kwenye benchi na kulitazama.

Chagua kibanda kimoja, steshenari moja au kikundi kimoja. Kisha uliza jambo linaloonekana kwa macho. Mawili yanayonifaa mara nyingi ni haya: *Nani anajua namba ya siri ya nani, na aliijuaje?* Na: *Kompyuta hii iliwekewa sasisho lini mara ya mwisho, na nani aliamua?*

Hilo la pili linaonekana la kifundi, lakini lina watu ndani yake. Kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani tarehe 12 Mei 2017, kikafunga mafaili na kudai fidia, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha tundu lile tangu Machi. Miezi miwili ilipita. Kilichobaki kueleza ni kwa nini mashine nyingi hivyo hazikuwekewa, na jibu la hapo hulipati ndani ya programu. Liko kwa aliyekuwa na kazi nyingi, aliyeogopa mashine isiwake kesho yake, asiye na bajeti, asiyeruhusiwa kuigusa.

Utajua swali limekaa sawa ukimwambia mwenye duka kwa pumzi moja, naye akaanza kukujibu kabla hujamaliza.

## Hatua ya 2: Walinde watu kabla hujaona chochote

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka unisome polepole.

Mara ya kwanza nilifanya uchunguzi katika ofisi moja hapa mjini. Nikaandika kwamba karani wa masjala anaingia kwenye mfumo kwa paswedi ya mkuu wake. Jina sikulitaja, na niliona nimetimiza wajibu. Lakini masjala ile ilikuwa na karani mmoja. Wiki mbili baadaye akahamishiwa stoo. Mkuu aliyempa paswedi yake, ili kazi zisilale yeye akiwa safarini, hakuulizwa chochote. Yule dada hanisemeshi mpaka leo, na ana haki.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya kwanza, kaa na mwenye mamlaka mkubaliane mambo matatu, tena yaandikwe:

1. Hakuna mfanyakazi atakayeadhibiwa kwa jambo litakalotoka kwenye uchunguzi huu. Bosi akikataa, shukuru, nyanyuka, tafuta sehemu nyingine. Usimwonee haya.
2. Ripoti itataja taratibu na vifaa. Kama nafasi ya kazi ina mtu mmoja tu, nafasi hiyo haitatajwa.
3. Wafanyakazi wataisoma ripoti kabla ya bosi.

Sharti la tatu huleta ubishi kuliko yote. Shikilia hapohapo. Bosi anayekubali sharti hilo ameshakuonyesha kwamba mahali pake pana nafasi ya ukweli kusemwa. Anayelikataa naye amekupa jambo la kwanza la kuandika usiku, bila jina.

## Hatua ya 3: Kaa siku nne bila kuuliza

Siku nne nzima. Ukiuliza mapema, watu watakupa majibu ya hojaji.

Kaa saa zenye shughuli: asubuhi ya soko, jioni watu wakitoka kazini, na tarehe za mishahara. Gawa ukurasa wa daftari sehemu tatu: *nilichoona*, *nilichosikia*, *ninachodhani*. Sehemu ya tatu iache wazi mpaka usiku. Nakusihi usizichanganye, kwa sababu dhana ikishaingia kwenye safu ya macho haitoki tena.

Nikuonyeshe ukurasa wangu mmoja, kutoka kibanda cha wakala kwenye barabara mojawapo ya namba kule Ngamiani.

Bibi amekuja na simu ya batani iliyofungwa mpira ili betri isiachie. Kijana wa kibandani akamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Nitolee elfu ishirini, alizonitumia mwanangu wa Muheza." Simu ikapita chini ya wavu. Kijana akabonyeza nyota, namba, reli, akaingiza namba ya wakala na kiasi. Alipofika pa namba ya siri akabonyeza tarakimu nne bila kuuliza. Bibi alikuwa anaangalia baiskeli barabarani. Hela ikahesabiwa mara mbili, simu ikarudi, bibi akaaga.

Yote yalikwenda chini ya dakika mbili. Chini, kwenye *ninachodhani*, usiku ule niliandika: "Bibi hajui hatari." Ilikuwa dhana mbovu, na utaona kwenye hatua ya 5 jinsi bibi mwenyewe alivyoifuta.

Vitu vya kuandika ni hivi: simu imepita mikono mingapi. Nani ametaja tarakimu kwa sauti. Foleni imesimama umbali gani kutoka kwa anayebonyeza. Macho ya kila mtu yako wapi wakati wa namba ya siri. Menyu imejikata mara ngapi mtu akichelewa, akalazimika kuanza upya huku watu nyuma wakinung'unika. Hili la mwisho waandishi wengi huliacha, wakati ndilo linalomfanya mzee ampe kijana simu. Menyu ya nyota na reli ina muda wake, na muda huo haukupimwa kwa vidole vya mtu wa miaka sabini.

Tahadhari: usiandike tarakimu zenyewe hata kama umezisikia waziwazi. Geuza uso. Ukijikuta unaikumbuka namba ya mtu, mwambie aibadilishe.

Siku ya nne, kama mambo yamekwenda vizuri, watu wataacha kukutazama. Mwenye kibanda atakuambia, "Nishikie hapa kidogo naenda msala." Usikubali kushika hela wala simu, lakini ujue umeshakuwa mwenyeji.

## Hatua ya 4: Chora nani ameshika nini

Chukua ukurasa mzima. Kila "ufunguo" uchoree duara: namba ya siri ya laini ya uwakala, paswedi ya kompyuta, flashi ya nyaraka, barua pepe ya ofisi, ufunguo wa droo, simu ya kikundi. Kisha vuta mshale kutoka kila duara kwenda kwa kila mtu anayeujua au kuushika, pamoja na aliyeacha kazi mwaka jana ambaye hakuna aliyekumbuka kumwondoa.

Tafuta duara lenye mishale mingi kupita kiasi. Halafu tafuta lenye mshale mmoja tu, na hili ndilo watu huliruka. Wanaona mshale mmoja wanasema ni salama. Mara nyingi ni mtu mmoja aliyechoka.

Mwaka 2024 watengeneza programu walilipata somo hili kwa uchungu. XZ Utils ni programu ya kubana mafaili iliyomo ndani ya matoleo mengi ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, Lasse Collin. Mwaka 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuleta michango, mingi ya kufaa kabisa. Mwaka 2022 yakajitokeza majina mengine yakimlalamikia Collin kwamba kazi inakwenda polepole, aongeze mtu. Yeye alijibu hadharani kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu na kwamba kazi ile hailipwi. Mwishowe Jia Tan akapewa funguo. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ya Februari na Machi 2024, yakatoka na mlango wa siri ndani yake.

Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund. Aliona kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH, inayotumika kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali nayo, kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kulipuuza. Tarehe 29 Machi akautangaza, ukaandikishwa kwenye orodha ya udhaifu wa programu kwa namba CVE-2024-3094 na kupewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Ukisoma kumbukumbu za tukio lile utaona kwamba sehemu kubwa ya shambulizi ilikuwa maneno ya watu: kusifu, kusaidia, kulaumu, kusukuma. Msimbo ulikuja baadaye.

Sasa rudi kwenye kikundi chako. Katibu anayebaki na simu ya kikundi peke yake, anayepigiwa saa nne usiku na kuambiwa "mbona hujatuma, unatuchelewesha", yuko mahali alipokuwa Collin. Siku atakapojitokeza mtu mpole wa kumpokea mzigo, hatamchunguza sana. Mwandike huyo katibu kwenye ripoti kama udhaifu wa *mpangilio*, na pendekezo liwe kumpatia mwenzake aliyechaguliwa na kikundi kizima.

Mchoro umekamilika ukiwaonyesha wahusika na mmoja akasema, "Hapana, hapo umesahau fulani." Usipoupata mshale hata mmoja wa namna hiyo, bado hujaaminiwa. Rudi benchi.

## Hatua ya 5: Uliza visa, usiulize maoni

Hii ni hatua ndefu, na ndiyo iliyobeba kazi yote.

Swali la "Je, huwa…" linamtaka mtu ajitathmini mbele yako. Atajitathmini vizuri, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Muombe akusimulie *mara ya mwisho*:

- "Mara ya mwisho simu yako ilipokuwa kwa mtu mwingine, ilikuwaje?"
- "Paswedi hii ya kompyuta, uliambiwa na nani, na ilikuwa siku gani?"
- "Umeshawahi kupokea ule ujumbe wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'? Siku hiyo ulikuwa unafanya nini?"

Hilo swali la tatu liangalie vizuri. Watu husema wanaonaswa na ujumbe ule ni wajinga. Waulize walionaswa, utakuta wengi walikuwa *kweli* wanasubiri kumtumia mtu hela: kodi ya nyumba, ada ya mtoto, mchango wa harusi ya ndugu. Kwetu karibu kila mtu ana hela anayodaiwa na mtu mwingine wakati wowote ule. Tapeli hana haja ya kukujua wewe. Anatuma kwa maelfu, ujumbe unamkuta aliyekuwa ameshika simu anatafuta namba ya baba mwenye nyumba. Udhaifu wenyewe ni utaratibu wa kulipana kwa namba zinazobadilika bila njia ya kuhakikishana.

Aibu itakufungia milango mingi. Mtu aliyetapeliwa huificha hata kwa mumewe au mkewe. Usimsukume. Simulia kwanza kisa chako mwenyewe, cha kweli, kisha nyamaza. Kahawa ya pili huwa inafungua.

### Wakisema ni chuma ulete

Utalisikia neno hili. Wakala amefunga hesabu, floti (hela iliyo kwenye laini ya uwakala) na hela taslimu havilingani, anasema kuna mtu alikuja na chuma ulete akavuta hela kwa uchawi. Usicheke, usimsahihishe, wala usiandike "imani potofu" kwenye daftari lako. Muulize kwa heshima: "Ilikuwa saa ngapi? Alikuja nani? Alisema nini?"

Dada mmoja alinijibu hivi: alikuja mteja ana haraka, akamwonyesha ujumbe kwamba ameweka laki moja kwa bahati mbaya, akaomba arudishiwe taslimu. Ujumbe uliingia kwenye simu ya kibanda ukiwa na maneno yaleyale ya muamala. Foleni ilikuwa ndefu, akampa. Jioni laki haipo.

Fundi atakuambia ule ulikuwa ujumbe wa kughushi uliotoka namba ya kawaida, na kwamba dada angeangalia salio asingeibiwa. Ni kweli. Lakini tazama na kazi nyingine ya neno *chuma ulete*. Dada ni mwajiriwa. Akisema "nilidanganywa", atakatwa mshahara. Akisema "chuma ulete", ni janga lililompata yeyote, na bosi wake, ambaye naye analiogopa, humsamehe. Neno linamlinda mtu. Wakati huohuo linalificha tundu, kwa hiyo wiki ijayo ujumbe uleule unampata kijana wa kibanda cha pili. Ukiyaandika yote mawili pamoja, umeandika jambo ambalo hojaji mia zisingelipata, na dawa yake utaiona: bosi akiacha kumkata mshahara anayetoa taarifa mapema, visa vya chuma ulete vitaanza kusimuliwa kwa maneno mengine.

### Bibi wa Ngamiani

Siku ya sita nilimkuta kwenye baraza lake. Tulizungumza habari za mvua na bei ya nazi, kisha nikamuuliza kuhusu ile simu kupita chini ya wavu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Mwanangu, macho yangu hayaoni vile vinamba. Na huyu nimemuona tangu anatambaa. Nikimfichia namba, si ndo nshamwita mwizi?"

Anaijua hatari vizuri sana. Ameipima na hatari nyingine, ya kumvunjia heshima mtu anayemtegemea kila mwezi, na ameona hiyo ya pili ni kubwa zaidi. Nilirudi nyumbani nikakata mstari juu ya "Bibi hajui hatari".

Utajua hatua hii imeiva pale dhana zako za wiki ya kwanza zitakapoanza kufutika. Kama hakuna hata moja iliyofutika, ulikuwa unaongea wewe.

## Hatua ya 6: Shuka chini mpaka uache kumkuta mtu wa kulaumu

Chukua kila tundu uliloliona, uliza "kwa nini?", kisha uliulize jibu tena "kwa nini?", mpaka ufike kwenye kitu kisicho tabia ya mtu: bei, muda, umbo la kaunta, sheria ya ofisi, mpangilio wa menyu.

Mfano wa steshenari. Kompyuta ina virusi. Kwa nini? Flashi za wateja zinachomekwa bila kukaguliwa. Kwa nini? Ukaguzi unachukua dakika na mteja ana maombi ya kazi yanayofungwa leo. Kwa nini programu ya kuzuia virusi ni ya zamani? Sasisho limezimwa. Kwa nini? Lilikuwa linamaliza bando la mwenye duka katikati ya mwezi. Sasa umefika chini. Pendekezo linajitokeza lenyewe: sasisho lifanyike usiku kwa bando la usiku, na wateja watume nyaraka kwa barua pepe pale inapowezekana badala ya flashi.

Ninapozisoma kazi za vijana nimeweka kanuni moja: maneno *uzembe* na *ukosefu wa elimu* hayaruhusiwi kwenye sura ya matokeo. Ukijikuta unayahitaji, ujue hujashuka vya kutosha.

Wakati mwingine chini kabisa utakuta sheria ya usalama yenyewe ndiyo inayozaa tundu. Ofisi inalazimisha paswedi ibadilishwe kila mwezi, watu wanaandika Tanga01, Tanga02, Tanga03, na wanazibandika ukutani wasisahau. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa 2017 iliacha kupendekeza kubadilisha paswedi kwa ratiba, isipokuwa pale kuna dalili kwamba imevuja. Mpe bosi habari hiyo. Itamfaa kuliko semina.

## Hatua ya 7: Toa taarifa kwa mpangilio

Ulichonacho sasa kinaweza kumsaidia mwizi. Kishike hivyo.

Waliotazamwa wasome kwanza, kama mlivyokubaliana. Kisha bosi, kwa siri, akiwa na muda wa kurekebisha kabla hujawasilisha popote. Watafiti wa programu nao wana desturi hii. Kikosi cha Project Zero cha Google, kwa mfano, humpa mtengenezaji siku 90 kabla ya kutangaza undani wa tundu. Kwa kibanda au kikundi mwezi mmoja unatosha, ila taja tarehe, maana ahadi isiyo na tarehe hulala.

Ukikutana na tundu la kifundi kwenye mfumo wa kampuni au taasisi, usilijaribu hata mara moja. Andika uliloliona, mjulishe mwenye mfumo, na kama hajibu wapelekee TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mitandao. Jumbe za kitapeli ulizoonyeshwa, wafundishe wenyewe kuzituma kwenda 15040 pamoja na namba iliyozituma. Mwonyeshe kila mtu pia \*106#, aone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua. Fanya hivyo yeye akiwa ameshika simu yake mwenyewe.

## Hatua ya 8: Tafuta dawa pamoja nao, kisha rudi uhesabu

Nilisoma matokeo kwa sauti pale kibandani, baada ya isha, tukiwa watu saba. Nilikuja na pendekezo langu: wateja wafiche namba wanapobonyeza. Bibi alikuwepo, akakataa kwa sababu ileile. Kijana wa wakala ndiye aliyelitatua.

"Basi nageuka mimi," akasema. "Kwa kila mtu. Nikifika hapo pa namba nampa simu yake, nageukia ukutani. Hapo nani kamwita nani mwizi?"

Kwa kuwa anageuka kwa kila mtu, hakuna anayetukanwa, na adabu iliyokuwa imeacha tundu wazi sasa ndiyo inayoliziba. Mimi nisingeliwaza.

Ikabaki shida ya macho. Simu nyingi za batani zina kinundu kidogo juu ya namba 5. Bibi alikishika kwa kidole gumba, akafundishwa na mjukuu wake wa kike kuhesabu kutoka hapo: juu yake 2, chini yake 8, kushoto 4, kulia 6. Namba ya zamani ikabadilishwa, kwa kuwa kijana alikuwa anaijua. Alikosea mara kadhaa siku za mwanzo, na tulimsisitizia asijaribu zaidi ya mara mbili mfululizo, huduma isije ikafungwa.

Baada ya mwezi rudi, kaa kwenye benchi lilelile, saa zilezile, uhesabu mambo yaleyale ya hatua ya 3. Usimuulize mtu kama mambo yamebadilika. Tazama mikono na macho. Zipo dawa zitakazokuwa zimeshika, na nyingine zitakuwa zimekufa siku ya pili. Ziandike zote kwa uzito sawa.

Halafu andika tarehe nyingine, miezi mitatu mbele. Niliporudi Ngamiani mara ya tatu yule kijana alikuwa ameshaondoka, amepata kazi Pongwe, na aliyekuwa nyuma ya wavu alikuwa mgeni ambaye hakuna aliyemwambia habari ya kugeuka. Bibi alimsimamisha, mkono juu ya simu yake. "Geuka kwanza, mwanangu," akamwambia. "Hapa ndo desturi yetu."